Kuuza Gitaa la Besi Lililoundwa kwa Mikono

Masomo mengi ya kijitabu hiki humzungumzia mlaji akiwa mnunuzi. Somo hili linamtazama siku anapogeuka kuwa muuzaji: hana duka wala leseni ya biashara, ana kitu kimoja tu anachotaka kumuuzia mtu mwingine. Mfano tuliouchagua ni gitaa la besi la umeme lililoundwa na fundi kwa mikono, kisha likapigwa kwa miaka mingi. Tumelichagua kwa sababu linakusanya karibu kila ugumu wa mauzo ya mtu kwa mtu. Halina nembo ya kiwanda ambayo mnunuzi anaweza kuitafutia bei, halina namba ya utambulisho wala waranti, na mengi yanayoamua thamani yake yamefichika ndani ya mbao na nyaya. Anayenunua gitaa la Fender husoma jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa na kujua, walau kwa kukadiria, ananunua nini. Anayenunua gitaa lako ana maneno yako tu. Maneno hayo ndiyo yatakayomfanya alipe, na ndiyo yatakayosomwa mbele ya hakimu iwapo hayakuwa ya kweli.

Je, gitaa ni lako?

Swali hili halina nia ya kumkejeli mtu. Katika historia ya muziki wa dansi nchini, vyombo kwa kawaida vilikuwa mali ya mwenye bendi, si ya mpigaji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na bendi nyingi zilizofuata zilimilikiwa na mashirika, idara au watu binafsi. Mwanamuziki aliweza kulishika gitaa lile lile kwa miaka kumi, akalijua kuliko mtu yeyote duniani, na bado lisiwe lake. Hali hiyo haijakwisha. Besi iliyonunuliwa kwa michango ya wanakwaya, au iliyoundwa kwa mbao za mmoja na fedha za watatu, ina wenyewe wengi hata kama inalala nyumbani kwako.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huhesabu kwamba kila anayeuza kitu ameahidi kuwa ana haki ya kukiuza, hata kama hakulitamka neno hilo na hata kama hajawahi kuuza kitu kingine maishani mwake. Mwenye mali akijitokeza baadaye, mnunuzi anaweza kukudai fedha zake zote, na jambo lenyewe linaweza kuishia kituo cha polisi. Kabla ya kutangaza, tafuta kinachoonyesha njia ambayo gitaa limepitia hadi kukufikia: risiti ya fundi, ujumbe mliokuwa mkiandikiana wakati wa kuliunda, picha za mbao zikiwa bado hazijaranduliwa. Kama fundi yu hai na anapatikana, mwombe akuandikie mistari michache inayosema alilitengenezea nani na mwaka gani. Kama mlikuwa wengi, wenzako waandike kuwa wameridhia mauzo na kila mmoja atie saini. Karatasi hiyo inachukua robo saa kuiandika, na mnunuzi makini atailipia kwa kutobishana sana juu ya bei.

Wajibu wa muuzaji asiye mfanyabiashara

Wapo wanaoamini kwamba mtu binafsi akiuza kitu kilichotumika hana wajibu wowote, na wapo wanaoamini kinyume chake, kwamba mnunuzi anaweza kurudisha kitu wakati wowote akikinaika. Imani zote mbili si sahihi. Ni kweli kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji, imeelekezwa hasa kwa wanaofanya biashara. Ni kweli pia kwamba sharti la ubora ambalo Sura ya 214 huliweka juu ya bidhaa humhusu muuzaji ambaye ni kazi yake kuuza bidhaa za aina hiyo. Wewe uliye na besi moja humo. Mnunuzi akilichukua gitaa lako, kisha akagundua kwamba ni zito kuliko alivyodhani, hana dai.

Lakini kuna sharti lisiloondoka: kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Ukisema ubao wa vidole ni mpingo na kumbe ni mti mwingine uliopakwa rangi nyeusi, umekiuka mkataba hata kama wewe mwenyewe uliamini ni mpingo. Zaidi ya hapo, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humruhusu aliyeshawishiwa kwa taarifa ya uongo kuukataa mkataba. Kunyamaza peke yake, kwa kawaida, hakuhesabiwi kuwa udanganyifu. Kuficha kwa makusudi kunahesabiwa. Aliyejaza ufa wa shingo kwa gundi na vumbi la mbao, akapaka vanishi juu yake ili usionekane, hawezi kujitetea kwamba hakuulizwa. Wala maneno tuliyoyazoea kwenye risiti za madukani, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayasafishi taarifa ya uongo.

Angalizo kuhusu madalali. Ukimpa dalali gitaa akuuzie, anayoyasema kuhusu gitaa hilo katika kazi uliyompa yanaweza kukufunga wewe. Mpe maelezo kwa maandishi, na mpatane mapema juu ya ujira wake, badala ya kumwachia ajiongezee cha juu usichokijua.

Likague wewe kwanza

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wauzaji wengi wanapopita mbiombio. Anza kwa kupima urefu wa nyuzi. Besi ya Precision, ambayo Fender aliitoa mwaka 1951, ilitumia urefu wa inchi 34, yaani takribani sentimita 86.4, na hadi leo nyuzi nyingi za besi hutengenezwa zikilenga kipimo hicho. Fundi wako huenda alichagua kingine. Pima kutoka kwenye kipande chenye mifereji ya nyuzi kilichopo kichwani hadi freti ya 12, kisha uzidishe mara mbili. Ukipata sentimita 43.2 kwa nusu, uko kwenye inchi 34. Kama ni pungufu au zaidi, mnunuzi anahitaji kujua, maana ndicho kitakachoamua nyuzi atakazonunua.

Kisha pima ukweli wa sauti. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuukandamiza, uuchune ili utoe ile sauti nyembamba ya kengele. Halafu kandamiza uzi pale pale na uuchune tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kulingana kwenye kipima sauti. Zikitofautiana, mara nyingi dawa ni kusogeza vitegemeo vya nyuzi kwenye daraja, kazi ya dakika chache. Baada ya hapo jaribu freti ya 5 na ya 7. Kama freti ya 12 imekubali na hizi zimekataa, yamkini mikato ya freti haikupimwa sawasawa tangu siku ya kwanza. Kasoro hiyo ni adimu kwenye gitaa la kiwandani na si adimu kwenye gitaa la mkono. Kuirekebisha huenda kukahitaji ubao mpya wa vidole. Iandike.

Shingo huchunguzwa kwa macho na kwa uzi. Litazame gitaa kutoka upande wa daraja kuelekea kichwani, kama seremala anavyotazama ubao, uone kama shingo imejisokota. Halafu kandamiza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja. Uzi sasa ni rula. Katikati, karibu na freti ya 7 au 8, kunapaswa kuwe na uwazi mdogo sana, chini ya milimita moja. Uwazi ukiwa mkubwa, shingo imevutwa mbele na nyuzi; usipokuwapo kabisa, imerudi nyuma. Magitaa mengi yana fimbo ya chuma ndani ya shingo ya kurekebishia jambo hili. Eleza kama fimbo ipo na kama bado inazunguka. Usiilazimishe. Fimbo iliyofika mwisho wake ikikazwa kwa nguvu huvunjika, na hapo utakuwa umeuharibu mzigo wako siku mbili kabla ya kuuuza.

Mbao nazo hubadilika kwa hali ya hewa. Gitaa lililoundwa Tanga penye unyevu likihamia Dodoma, ubao wa vidole husinyaa kidogo na ncha za freti huchomoza pembeni na kukwaruza kiganja. Huo si uzembe wa fundi na si uharibifu wako, lakini mnunuzi atauhisi kwa mkono wa kwanza.

Upande wa umeme, chomeka gitaa kwenye amplifaya na zungusha kila kitufe polepole. Mkwaruzo unaopotea baada ya kukizungusha mara kadhaa mara nyingi ni vumbi; unaobaki ni kitufe kilichochakaa. Tikisa waya ulipochomekwa uone kama sauti inakatika. Mvumo unaopungua unapogusa nyuzi hutokea sana kwenye magitaa ambayo ndani yake hayakuzuiwa vizuri dhidi ya mwingiliano wa umeme. Lakini ukihisi shoti, hata ndogo, chomoa kila kitu na umwite fundi umeme akague amplifaya, soketi ya ukutani na gitaa lenyewe. Kitu kinachopiga shoti hakiuzwi hadi chanzo kijulikane. Kama gitaa linatumia betri ya volti 9, weka mpya na useme hivyo. Mwisho, fungua kifuniko cha nyuma na upige picha ya nyaya zilivyo. Picha hiyo itamwonyesha mnunuzi kilichochomelewa upya na kilichobaki kama fundi alivyokiacha.

Uchakavu na kasoro

Gitaa lililopigwa miaka 15 litakuwa na rangi iliyolika pale mkono ulipoegemea, michubuko ya zipu na vifungo mgongoni, na vijia vilivyochimbwa na nyuzi kwenye freti za mwanzo. Sehemu kubwa ya haya ni uchakavu: dalili kwamba chombo kimefanya kazi. Kasoro ni kile kinachozuia kazi au kitakachoizuia karibuni. Freti iliyochimbika lakini bado inatoa sauti safi ni uchakavu. Freti inayofanya uzi ukwaruze na noti kufa ni kasoro. Tenganisha makundi haya mawili katika maelezo yako, kwa kuwa mnunuzi akiyakuta yamechanganywa atayahesabu yote kuwa kasoro na kushusha bei kwa jumla yake.

Andika kwa kutaja mahali na tendo. “Liko vizuri kiasi” haielezi kitu. “Halina tatizo lolote” ndiyo sentensi ya hatari kuliko zote katika mauzo haya, kwani hakuna gitaa la umri huo lisilo na tatizo lolote, na sentensi hiyo itakuwa ahadi. Kwa maoni ya mwandishi, sifa nazo zipunguzwe: “sauti tamu isiyo na mfano” haimsaidii mtu aliyeko Mbeya, wakati rekodi ya dakika mbili, kila uzi ukichunwa peke yake na kila kitufe kikizungushwa, itamweleza yote. Fikiria mazungumzo haya, ambayo yangeweza kufanyika kwenye ukumbi wowote wa mazoezi:

“Shikamoo, mzee. Hili besi lina tatizo gani?”

“Marahaba, kijana wangu. Freti ya tatu inakwaruza ukikandamiza uzi mnene. Kitufe cha toni kina vumbi, kizungushe mara mbili tatu kitatulia. Shingo ilinyooshwa na fundi mwaka jana, tazama mwenyewe.”

Kijana huyo amepata sababu mbili za kuomba punguzo. Amepata pia sababu ya kuyaamini mengine yote atakayoambiwa, na mzee ameiziba njia ya kesi mbili.

Kuhusu mbao, taja unachokijua na namna ulivyokijua. “Fundi aliniambia mwili ni mninga” ni tofauti na “mwili ni mninga”. Kauli ya kwanza inasema ukweli wote. Mpingo una neno la ziada. Mti huu, ambao zumari za kizungu kama klarineti na obo hutengenezwa kwao, pamoja na jamii yake yote ya Dalbergia, uliwekwa mwaka 2017 katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa katika masharti hayo kwa miti ya Kiambatisho cha Pili. Dalbergia nigra ya Brazil ni habari nyingine: imo katika Kiambatisho cha Kwanza tangu 1992 na msamaha huo hauihusu. Kuuza ndani ya nchi hakuguswi na mkataba huo. Mnunuzi akiwa ng’ambo, ulizeni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kabla ya kupokea fedha.

Bei

Gharama ya kuliunda si bei yake. Hili huwauma wauzaji, hasa waliomlipa fundi vizuri na kumngoja miezi. Soko la gitaa lililotumika hulipia kinachoweza kuthibitishwa. Njia inayosaidia ni kuanza na bei ambayo besi ya kiwandani iliyotumika, yenye kazi sawa na yako, inauzwa mjini kwenu. Kisha kutoa gharama ya marekebisho. Kisha kuangalia vifaa. Tuseme, kwa mfano tu, besi kama hiyo inapatikana kwa Sh. 600,000 na freti zako zinahitaji kazi ya Sh. 80,000. Unaanzia Sh. 520,000. Kama pikapu, daraja na funguo za nyuzi ni za kampuni inayojulikana na majina yao yanasomeka, una hoja ya kupanda, kwa kuwa vifaa hivyo vina bei yake hata vikiuzwa peke yake. Jina lako lililonakshiwa kwa chaza kwenye freti ya 12, samahani, litaishusha.

Mkutano na malipo

Kutaneni mahali penye amplifaya na watu: studio, ukumbi wa mazoezi, kanisa mchana. Mwache mnunuzi apige kwa muda anaoutaka, na kama umeme umekatika, ahirisheni. Kununua besi ya umeme bila kuisikia ni kuandaa ugomvi.

Malipo kwa simu yana mtego unaojulikana. Ujumbe wa maandishi unaosema umepokea fedha unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Salio lako haliwezi. Fungua menyu ya huduma yako mwenyewe na uangalie salio kabla gitaa halijatoka mkononi, wala usikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi kama uthibitisho. Akipiga mtu baadaye akidai fedha zilitumwa kimakosa na kukuomba uzirudishe kwa namba nyingine, usirudishe. Mwelekeze kwa mtoa huduma wake. Namba inayotumika kwa utapeli itumwe kwenda 15040. Malipo ya awali yapokelewe kwa karatasi inayotaja tarehe ya mwisho ya kumalizia na kitakachotokea ikipita. Bila hivyo utajikuta huna haki ya kuuza wala huna fedha.

Likisafirishwa kwa basi, legeza nyuzi kidogo, tumia sanduku gumu, na andika thamani halisi kwenye stakabadhi ya mzigo badala ya kuipunguza ili kuokoa nauli. Isipokuwa mmepatana vingine, kumkabidhi msafirishaji kwa maelekezo ya mnunuzi huhesabiwa kuwa umemkabidhi mnunuzi mwenyewe, kwa hiyo semeni mapema nani atabeba hasara njiani.

Hati ya mauziano

Haihitaji wakili. Iandikwe nakala mbili, kwa mfano hivi: “Mimi, muuzaji, nimemuuzia mnunuzi gitaa moja la besi la nyuzi nne, lililoundwa kwa mikono, urefu wa nyuzi sentimita 86.4, rangi ya mbao, lenye alama ya kuungua nyuma ya kichwa. Ninathibitisha ni mali yangu na halidaiwi na mtu. Kasoro ninazozijua ni: freti ya tatu inakwaruza kwenye uzi wa kwanza mnene, kitufe cha toni kinakwaruza. Mnunuzi amelikagua na kulipiga kwa amplifaya. Bei ni Sh. 500,000, imelipwa yote leo kwa muamala namba…” Yafuate majina kamili, tarehe, saini za wawili na shahidi wa kila upande. Namba ya kitambulisho iandikwe kwenye hati hiyo tu. Kupiga picha kitambulisho cha mtu na kuisambaza kwenye makundi ya simu hakuendani na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hifadhi nakala yako pamoja na picha na ile rekodi ya dakika mbili kwa angalau miaka 6, ambayo ndiyo ukomo wa kawaida wa kufungua shauri la mkataba chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Mnunuzi akirudi na lalamiko, msomeni hati kwa pamoja kabla ya jambo lingine lolote. Kama analolalamikia limo katika orodha ya kasoro, alilijua. Kama halimo na wewe hukulijua, pendekezeni fundi mmoja alitazame na mgawane gharama yake ya ukaguzi.